Nilivyojifunza Kupika Chokoleti ya Kimeksiko, na Pesa Zilivyonitoka

Nianze na jambo litakalowaokolea wengi hela. Chokoleti ya moto ya Kimeksiko haihitaji mashine, haihitaji krimu juu, haihitaji pilipili, na ukiipika kama wanavyoipika Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, haihitaji hata maziwa. Inataka kokoa iliyokaangwa vizuri, sukari, mdalasini wa aina yake, maji ya moto, na mikono isiyochoka upesi. Mimi niliyajua haya nikiwa nimeshaunguza mashine ya kusagia kahawa, nimeshapasua mfuniko wa blenda, na nimeshawatoa wapangaji wa jengo zima nje usiku wa baridi wakiwa na kandambili. Nitafika huko.

Mimi ni mtoto wa Kyela, kusini mwa Tanzania. Nyumbani miti ya kokoa inaanzia nyuma ya jiko, imechanganyika na migomba. Nimekua nikipasua matunda yake, nikifyonza ule ute mweupe mtamu unaozunguka mbegu, nikivundika mbegu kwenye masanduku yaliyofunikwa majani ya migomba, nikizianika, nikizisindikiza hadi ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima. Hapo ndipo habari ilipokuwa inaishia. Kokoa kwetu ni ada ya shule na mabati ya nyumba. Cha kunywa ni chai. Kikombe changu cha kwanza cha chokoleti nilikinywa Chicago, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na aliyenimiminia alikuwa mama wa Oaxaca tuliyekuwa tunasafisha naye vyumba vya hoteli. Nitamwita Señora, maana ndivyo nilivyomwita miaka yote hiyo. Yeye aliniita mija, binti yangu.

Mapumziko yetu yalikuwa mafupi. Señora alikuwa anabeba chupa ya chai na vikombe viwili vya bati. Anamimina kimoja, halafu anakiinua juu usawa wa kidevu na kukimiminia kwenye cha pili kilichoko mapajani, anarudia hivyo mpaka povu linasimama, ndipo anakupa. Nilipoonja sikujua ninakunywa nini. Kulikuwa na kama moshi kwa mbali, uchungu kidogo, chembechembe ulimini, halafu mdalasini unakuja nyuma kabisa. Nikamuuliza ni nini. Akaniambia ni kakao na maji. Nikamwambia kwetu tuna miti ya hiyo kitu. Akauliza tunaipikaje.

"Hatupiki. Tunauza."

"Yote?"

"Yote, Señora."

Alinitazama kama mtu aliyesikia msiba. Wiki iliyofuata akaanza kunifundisha, kwa maneno tu, kwa sababu jikoni kwake walikuwa wanaishi watu wengi na hapakuwa na nafasi ya mgeni.

Hatua ya kwanza aliyonipa ilikuwa rahisi: nenda mtaa wa 26, Little Village, kanunue chokoleti ya mezani. Ule mtaa ni Meksiko ndogo ndani ya Chicago, na maduka yake yana rafu nzima ya vidonge vya duara vya chokoleti, vizito, vimechorwa mistari ili uvivunje vipande. Nikanunua, nikarudi, nikafanya kama ninavyopika chai ya maziwa: nikatumbukiza kidonge kizima kwenye maziwa baridi, nikawasha moto mkali, nikasubiri. Kilichotoka ni maziwa matamu yenye mchanga wa sukari chini na mafuta yanayoelea juu. Povu hakuna.

Makosa yalikuwa matatu kwa mpigo, na nimeona wengi wakiyarudia. La kwanza ni moto: kidonge kinatakiwa kivunjwe vipande vidogo, kiingie kwenye kimiminika kilichokwisha kupata moto lakini hakitokoti, na kipewe muda wa kulainika. La pili ni kutokupiga. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kokoa ni mafuta, na mafuta na maji hayapatani mpaka uyalazimishe. Ukiacha kupiga, mafuta yatapanda juu. La tatu ni kutosoma karatasi. Marekani viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kinachoongoza ndicho kingi kuliko vyote. Kidonge changu kilianza na sukari. Si dhambi, watoto wangu wanakipenda mpaka leo, lakini usishangae ukikosa ladha ya kokoa ndani yake. Nikarudi dukani nikatafuta kilichoanza na kakao. Kilikuwa ghali karibu mara mbili, na kikombe kimoja kilinitosha kuelewa kwa nini.

Señora alikuwa na msimamo kuhusu maziwa. Kwao, katika mabonde ya kati ya Oaxaca, chokoleti ya maji ndiyo ya watu wazima na ndiyo ya wageni wa heshima. Ya maziwa ni ya watoto na ya wanaopenda. Mimi nilidhani ni habari ya umaskini tu, kama sisi tunavyokunywa chai ya rangi maziwa yakiisha. Nilikuwa naikosea adabu. Maziwa yanaficha. Ukitaka kujua kama kokoa yako ni nzuri au uliiunguza, ipike kwa maji na utaambiwa ukweli papo hapo. Nawashauri mwanze na maji, hata kama mtaishia kwenye maziwa.

Na pilipili je? Kila mtu huniuliza. Kabla Wahispania hawajatia nanga mwaka 1519, wenyeji walikunywa kokoa bila sukari, wakiitia pilipili, vanila, maua yenye harufu, mara nyingine na mahindi ya kusaga. Sukari, mdalasini na maziwa ya ng'ombe vilikuja baadaye na meli. Kwa hiyo pilipili ina historia yake, siikatai. Ila nilipomuuliza Señora kama anaitia kwenye kikombe chake cha asubuhi alicheka mpaka akakaa kitandani kwa mgeni, jambo ambalo ni marufuku kazini. "Hiyo ya kwenye mole, mija," akasema, akimaanisha ule mchuzi wao mzito mweusi unaopikwa na pilipili nyingi na chokoleti kidogo.

Sasa kifaa. Povu la Kimeksiko hupigwa kwa molinillo, mti wa kuchonga wenye kichwa kinene kilichotobolewa na kuchanjwa, na pete za mbao zinazocheza kwenye shingo yake. Ushike kwa viganja viwili vilivyonyooka na upekeche, mbele nyuma, mbele nyuma. Kama umewahi kupekecha mlenda nyumbani, mikono yako inajua kazi hii kabla hujaambiwa. Hicho ndicho kitu pekee ambacho Señora hakulazimika kunifundisha mara mbili.

Wa kwanza niliununua kwa uzuri wake. Ulikuwa umepakwa vanishi, una maua ya rangi. Baada ya kuutumia mara chache ile vanishi ilianza kubanduka na kuelea kwenye kikombe. Ule ni pambo la ukutani. Tafuta wa mbao tupu, usiong'aa, usio na rangi yoyote sehemu inayoingia chunguni. Ukiupata uoshe, uuchemshe kwenye maji matupu, kisha uyamwage, maana mbao mpya hutoa ladha yake. Usiuache umelala kwenye maji usiku kucha, utapasuka.

Chombo nacho kina maneno. Povu haliji kwenye sufuria pana. Linataka chombo kirefu chembamba, kijazwe nusu tu, na kile kichwa cha molinillo kizame karibu chote huku pete za juu zikibaki zinagusagusa uso wa kinywaji. Hapo ndipo hewa inapoingia. Kichwa kikigota chini unakwangua chungu bure, kikielea juu unajirushia matone ya moto mikononi. Pekecha kikiwa bado cha moto. Kikipoa, povu linakuwa mapovu makubwa yanayopasuka kabla hujafika mezani. Likikubali utaliona: linapanda, rangi yake inakuwa nyepesi kuliko kinywaji, na mapovu ni madogo kiasi kwamba ukichota na kijiko yanakaa. Mgao unaanza na povu. Kila kikombe kipate lake, halafu kinywaji kifuate.

Usipoupata molinillo, mimina juu kwa juu kama Señora na vikombe vyake vya bati. Watu wa kale wa huko walitoa povu kwa kumimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, tena kutoka mbali. Blenda pia inafanya kazi, na hapa nisikilizeni vizuri. Kinywaji cha moto kikifungiwa ndani ya blenda kinatoa mvuke, na ukiwasha ghafla mvuke unasukuma mfuniko. Wa kwangu uligonga kabati ukapasuka, na chokoleti ikanishuka kwenye mkono hadi kiwiko. Niliuguza siku kadhaa na kovu ninalo. Ukilazimika, jaza robo tu, toa kile kizibo cha katikati ya mfuniko, funika kwa taulo iliyokunjwa, anza na kasi ndogo kabisa.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akiba. Lakini mtoto wa mkulima wa kokoa akishaonja anataka aanze na mbegu.

Ulikuwa mwaka 2024, mwaka ambao bei ya kokoa kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani. Mama alikuwa ananipigia simu kwa furaha kila baada ya mnada wa stakabadhi ghalani, ule wa kuuza mazao yaliyokusanywa ghalani. Mimi huku nanunua pauni moja ya mbegu mbichi kwa dola 18 na naona aibu kumwambia. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, rudi nyumbani uje uokote chini ya miti."

Kukaanga ndiko kwenye roho ya kazi yote, na ndiko nilikoharibu zaidi. Chambua kwanza: toa zilizosinyaa, zilizoshikana, zenye ukungu, na vijiti na mawe, maana vimo. Tumia kikaango kizito cha chuma, moto wa chini kuelekea wastani, tabaka moja tu la mbegu, na usiache kugeuza. Pua ndiyo itakayokuongoza. Mwanzo jikoni kutanuka kama siki. Ni ile asidi ya kuvundika inatoka, usiogope. Baadaye harufu inageuka kuwa ya mkate unaookwa. Maganda yanaanza kupasuka, pa, pa, moja moja. Chukua mbegu moja, ipulize, ibane kwa kidole gumba: ganda likitoka kwa urahisi na ndani ikavunjika vipande vya rangi ya kahawia bila kunata, ipua. Ukisikia harufu ya moshi umeshachelewa. Kikaango nacho kinaendelea kupika hata ukizima jiko, kwa hiyo zimwage haraka kwenye ungo au sinia.

Mimi niliweka moto mkubwa kwa sababu nilikuwa na zamu asubuhi na nilitaka kulala. Moshi ukajaa. Badala ya kufungua dirisha nikafungua mlango wa kwenye korido. Wanaoishi kwenye maghorofa ya huku sikieni: king'ora cha ndani ya nyumba yako kitakupigia kelele wewe mwenyewe, lakini moshi ukifika koridoni kinalia cha jengo zima, na zimamoto wanakuja. Walikuja. Walikuwa waungwana, mmoja akasema kunanukia vizuri, akanidanganya. Kokoa yenyewe ilikuwa imeungua na nikakataa kuitupa. Nikaisaga, nikaongeza sukari, nikaongeza tena. Uchungu wa kuungua haufichiki kwa sukari. Unakuwa uchungu mtamu, basi.

Kumenya ni kazi ya kukaa kitako. Menya zikiwa na uvuguvugu, moja moja, halafu peta ungoni maganda yaliyobaki yapeperuke. Hapa kulima kwetu kulinifaa, watoto wa Chicago hawajui kupeta. Tegemea kupoteza kama robo ya uzito kati ya unyevu na maganda. Maganda unaweza kuyachemsha upate chai nyepesi yenye harufu nzuri. Usimpe mbwa, wala usiyaache kwenye pipa analoweza kulipindua. Kokoa ni sumu kwake.

Kusaga. Kule kwenye asili yake, kokoa husagwa juu ya metate, jiwe la volkeno lenye miguu mitatu, na chini yake wanaweka makaa machache ili jiwe lipate joto. Niliona picha nikadhani makaa ni mbwembwe. Joto ndilo linaloyeyusha yale mafuta, na yakiyeyuka mbegu zinaacha kuwa unga na kuwa rojo linalotiririka. Mashine yangu ya kusagia kahawa ilianza vizuri, ikatoa unga, kisha unga ukaanza kunata ukutani, visu vikawa vinazunguka hewani, nikaendelea kubonyeza, na ikatoa harufu ya waya. Ikafa pale pale. Kilichonisaidia ni kinu cha mkono cha chuma, kile cha kufunga mezani ambacho Wameksiko husagia mahindi. Nilikinunua mtaa wa 26 kwa dola 40 na kitanizika. Kimwagie maji ya moto kwa nje, kikaushe kabisa, saga kokoa peke yake mara ya kwanza, halafu rudia na sukari na mdalasini.

Nasema kikaushe kabisa kwa sababu nilitumia kijiko kibichi kuchotea rojo. Tone moja tu la maji na rojo lote likashikana likawa tope gumu lisilosagika: sukari na chembe za kokoa zinafyonza yale maji na kugandana. Halikuharibika kwa kunywa, maana mwisho wake ni majini tu, lakini kinu hakikulipitisha tena.

Wala usihangaike kulainisha kama chokoleti ya dukani. Ya Kimeksiko ina chembe. Ndivyo ilivyo.

Mdalasini nao ulinipa somo la bure. Ule ulioko kwenye maduka makubwa ya Marekani mara nyingi ni kasia, gome nene gumu lililojikunja mara moja, kali. Ulikwamisha kinu changu. Wameksiko wanatumia mdalasini wa Sri Lanka, ule wenye matabaka membamba yaliyojikunja pamoja, unaovunjika kwa vidole. Ni ule ule wanaokuonyesha kwenye mashamba ya viungo Unguja. Shemeji alikuja likizo akaniletea mfuko wa kutoka soko la Darajani, na Señora alipounusa aliomba nimpe nusu.

Niende Oaxaca sasa. Nilisafiri na Señora mwisho wa Oktoba, kwao, wakati wa Siku ya Wafu. Taarifa kwa wenzangu: ukiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani huhitaji viza ya Meksiko, hata kama pasipoti ni ya Tanzania. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya fomu.

Mjini Oaxaca kuna mtaa unaitwa Mina, karibu na soko la 20 de Noviembre, na unaujua kabla hujauona kwa sababu ya harufu. Pande zote mbili kuna vinu vya chokoleti. Unaingia, unapimiwa kokoa yako, unachagua lozi kiasi gani, mdalasini kiasi gani, sukari kiasi gani, na kila kitu kinamwagwa kinywani mwa mashine mbele ya macho yako. Chini linatoka rojo la kahawia lenye joto, linang'aa, linaanguka kwenye beseni. Wanalirudisha pamoja na sukari, linatoka zito zaidi. Dada yake Señora aligombana na kijana wa kinu kuhusu sukari. Kijana alizoea kilo moja ya kokoa kwa kilo moja na nusu ya sukari. Yule mama alitaka moja kwa moja. "Hii ni ya marehemu," akasema, "na baba hakupenda tamu." Nilisimama pale nikihesabu dola zangu zilizopotea. Kilichonichukua wiki za jasho kilimalizika kabla sijamaliza kupiga picha.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kokoa yenyewe. Bonde la Oaxaca haliilimi. Inatoka majimbo ya Tabasco na Chiapas. Na sokoni wanauza za aina mbili, iliyovundikwa na ile wanayoiita lavado, iliyooshwa na kuanikwa bila kuvundikwa. Kwetu ukipeleka isiyovundikwa unakatwa bei na unasemwa. Kule ina wateja wake wa siku zote, na wanaitumia hata kwenye tejate, kinywaji baridi cha mahindi na kokoa kinachouzwa na akina mama kwenye mabeseni makubwa, na povu lake zito limeganda juu. Nilimrekodia mama sauti kumweleza. Hakuamini.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba tulikunywa kwenye mabakuli, si vikombe, ili mkate wa mayai upate pa kuzama. Unachovya, unakula, unakunywa kilichobaki. Meza ya marehemu ilikuwa na bakuli lake, mkate wake, na maua ya njano.

Pale ndipo nilipoona jambo ambalo lazima niliseme hata kama linakera. Vyungu vingi vya udongo vya asili vinavyong'aa kwa ndani vimepakwa rangi ya kung'arisha yenye madini ya risasi. Joto na vyakula vyenye asidi huitoa risasi ikaingia unachokunywa, na inaharibu ubongo wa watoto. Nyumbani kwa watu nilikunywa nilichopewa, sikuwa na ubavu wa kumfundisha mwenyeji wangu mbele ya picha ya baba yake. Lakini cha kupeleka kwa wanangu nilitafuta chenye maandishi sin plomo, bila risasi, kutoka kwa mfinyanzi aliyeweza kunieleza anachotumia. Kama huna uhakika, kiweke maua. Jagi refu la chuma cha pua linafanya kazi vilevile.

Tangu hapo nimetulia. Kukaanga nakaanga mwenyewe mara chache kwa mwaka, kwa ajili ya harufu tu, dirisha likiwa wazi. Siku nyingine nanunua vidonge vya kinu vilivyoletwa na jamaa wa Señora. Vipimo vyangu ni gramu 500 za kokoa iliyomenywa, gramu 400 za sukari, gramu 15 za mdalasini, na gramu 50 za lozi zilizokaangwa. Rojo likiwa na joto nalitandaza kwenye karatasi ya kuokea, nachora mistari, naliacha likauke mezani. Sio kwenye friji. Unyevu wake unatoa sukari juu. Ukiona weupe kama majivu kwenye kidonge kilichokaa, mara nyingi ni mafuta yaliyopanda, si ukungu, na kinanyweka. Ukungu una manyoya na unanuka. Kikombe kimoja cha maji, ml 200, kinachukua gramu 40. Sukari guru badala ya nyeupe inaleta ladha nzito ninayoipenda, ila ikatekate na uianike kwanza maana ina unyevu, na mshajua unyevu unafanya nini kinuni.

Watoto wangu wanapendelea champurrado, yaani uji uliotiwa chokoleti. Unahitaji unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, ule wa kutengenezea tortilla, mikate yao myembamba kama chapati. Nilijaribu na sembe ikawa uji tu wenye rangi.

Mama naye ameanza. Hana kinu cha chuma, anatwanga kwenye kinu cha mbao alichokikausha juani hadi kikapata joto, kisha anamalizia juu ya jiwe. Shida yake ilikuwa vidonge kutokuganda, kwa sababu joto la Kyela mchana linatosha kuviacha laini kama siagi. Nilimshauri aache kuvikata, alijaze rojo kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na achote kwa kijiko kikavu. Amekubali yote hayo isipokuwa maji. Anapikia maziwa, anatia tangawizi, na ananiambia kokoa ni ya kwake.